"Uchumi ni maelezo tu": dhana zinazowaponza waombaji wa masta na PhD

Kila ikifika Septemba, simu yangu hupokea ujumbe wa aina moja: "Kaka, nataka kuomba masta ya uchumi nje. Chuo gani kizuri?" Nami huuliza: ukimaliza unataka kufanya kazi gani? Wengi hudhani nawazungusha. Ila anayetaka kuingia kurugenzi ya utafiti ya benki kuu, anayetaka kufundisha chuo kikuu, na anayetaka kusimamia miradi ya kilimo wilayani, wote watatu wataitwa wachumi, na hakuna programu moja inayowafaa wote. Anayeanza na jina la chuo kabla ya kazi huishia kulipia darasa asilolihitaji. Zifuatazo ndizo dhana ninazokutana nazo mara kwa mara.

"Uchumi ni maelezo tu, hesabu waachie wahandisi"

Hii ndiyo inayoua maombi mengi, na naielewa inatoka wapi. Shahada ya kwanza kwetu unaweza kuimaliza kwa kuchora mistari ya mahitaji na ugavi, ukaieleza vizuri, ukapata A. Mwaka wa kwanza wa PhD haufanani na hayo hata kidogo. Unakaa na maikro (uchumi wa kaya na kampuni), makro (uchumi wa taifa zima) na ekonometriki (takwimu za kiuchumi), na swali la mtihani linaanza na neno "thibitisha". Hakuna mchoro utakaokuokoa.

Kwa hiyo kamati ya udahili inapofungua matokeo yako, macho huenda kwanza kwenye masomo ya hisabati: kalkulasi ya vigeu vingi, aljebra mstari, nadharia ya uwezekano, na kama umebahatika, lile somo la uchanganuzi wa namba halisi ambalo wanafunzi wa idara ya hisabati hulilalamikia. Mwenye daraja la pili la juu aliyepata alama nzuri katika hayo anaweza kumpita mwenye daraja la kwanza ambaye karatasi yake haina hesabu zaidi ya "Hisabati kwa Wachumi" ya muhula mmoja. Inauma, lakini ndivyo ilivyo.

Kama bado uko chuoni, vuka barabara uende idara ya hisabati ukaombe kusoma nao somo moja au mawili, hata kama rafiki zako watakucheka. Kama umeshamaliza, bado kuna njia. Chuo cha MIT cha Marekani, kwa mfano, kina kozi za mtandaoni za uchumi wa maendeleo na takwimu zenye mitihani inayosimamiwa, na ada yake hupangwa kulingana na kipato cha mtu. Anayefaulu zote anaweza kuomba masta ya chuo hicho inayotokana nazo.

Mtihani wa GRE, unaowapima waombaji wa masomo ya juu kwa hesabu na lugha, nao uko kwenye fungu hili. Sehemu yake ya hesabu huishia alama 170, na idara za uchumi huitazama hiyo kuliko ile ya lugha. Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa, hauzidi saa mbili. Vyuo vingi sasa havilazimishi kuuleta, na hapo waombaji wetu hushangilia mapema. Kama profesa aliyeko Minnesota hajawahi kuona karatasi ya matokeo kutoka chuo chako, alama nzuri ya GRE ndiyo lugha pekee mnayoelewana. Pale wanaposema ni hiari, mimi ningeipeleka kama ni nzuri. Matokeo hayo hudumu miaka mitano. Ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, ni miwili, kwa hiyo usikimbilie kuifanya kabla hujajua unaomba lini.

"PhD ni ya wenye pesa, masta ndiyo nafuu"

Ni kinyume. Katika idara makini za uchumi Marekani, mwanafunzi wa PhD kwa kawaida husamehewa ada na hupewa posho, naye husahihisha mitihani, huongoza semina au humsaidia profesa katika utafiti. Ukidahiliwa PhD bila senti ya ufadhili, chukulia kwamba wamekukataa kwa adabu. Masta ndiyo inayokula fedha. Ile ya mwaka mmoja London, katika vyuo vyenye majina, ada yake ni makumi ya maelfu ya pauni kabla hujala wala kulala.

Ujerumani kuna ahueni, kwa sababu vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo. Lakini soma maandishi madogo. Jimbo la Baden-Württemberg tangu 2017 linawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na Mannheim, chuo kinachosifika kwa uchumi, kiko jimboni humo. Juu ya hapo, ubalozi unataka uonyeshe una fedha za kujikimu, zinazokaribia euro 12,000 kwa mwaka, zikiwa zimefungiwa kwenye akaunti maalumu. Nimewaona watu wakiimba "bure, bure" hadi siku ya viza.

"Nipate chuo kwanza, ufadhili nitautafuta baadaye"

Kalenda haikusubiri. Chevening ya Uingereza hufungua dirisha lake karibu Agosti na kulifunga kabla mwaka haujaisha, kwa masomo yanayoanza Septemba ya mwaka unaofuata. Unaomba ufadhili kabla hujawa na barua ya chuo, ukitaja kozi tatu unazozitaka. Inagharimia masta ya mwaka mmoja, haigharimii PhD, inadai uzoefu wa kazi wa miaka miwili hivi, na ukimaliza unatakiwa urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Anayeanza kuulizia Januari, baada ya chuo kumjibu, amechelewa mwaka mzima.

"Lazima uwe na masta ndipo uombe PhD"

Kwetu Afrika Mashariki hiyo ni kanuni, na sehemu kubwa ya Ulaya pia. Marekani sivyo: idara nyingi hupokea mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja, kwa programu ya miaka mitano au sita, na mwisho wa mwaka wa kwanza kuna mtihani wa kuchuja. Hata hivyo, kinachoruhusiwa na kinachofaa ni mambo mawili. Wengi wa kwetu waliofika mbali walipitia masta ya nyumbani kwanza. Patrick Njoroge, aliyekuwa gavana wa Benki Kuu ya Kenya, alisoma shahada mbili Nairobi kabla ya PhD ya Yale.

Na hapa niingize dhana nyingine inayoniudhi zaidi, kwamba masta ya hapa kwetu ni ya waliokosa. Kuna muungano wa utafiti wa uchumi barani, AERC, wenye makao yake Nairobi tangu 1988. Mwaka 1993 ulianzisha masta ya pamoja: kila mmoja anasoma masomo ya msingi chuoni kwake, Dar es Salaam kikiwemo, halafu wanafunzi wa nchi mbalimbali wanakutana Nairobi kwa masomo ya kuchagua. PhD ya pamoja ilifuata 2002. Marehemu Profesa Benno Ndulu aliwahi kuuongoza muungano huo kabla ya kuwa gavana wa Benki Kuu ya Tanzania mwaka 2008. Aliyekuwa gavana wa Benki Kuu ya Kenya, Njuguna Ndung'u, yeye alitoka ugavana akaenda kuuongoza. Anayesema njia hii haina uzito aseme pia ni ipi yenye uzito kwa mtu anayetaka kufanya kazi benki kuu ya kwetu.

"Barua ya mkubwa ndiyo itanibeba"

Mbunge, mkurugenzi, katibu mkuu: sahihi nzito, mhuri mkubwa. Niliwahi kuonyeshwa barua ya mapendekezo ya kurasa mbili iliyosema mwombaji ni mwenye nidhamu, mcha Mungu na anayeheshimu wazee. Vizuri sana kwa posa. Kamati inataka kujua kitu kimoja: huyu anaweza kufanya utafiti? Mhadhiri wa kawaida aliyesimamia tasnifu yako, akaeleza jinsi ulivyogundua kosa kwenye takwimu na ulivyolirekebisha, anakusaidia kuliko waziri aliyekuona mara moja kwenye sherehe.

Shida yetu ni ile ya "andika mwenyewe, niletee nisaini". Barua tatu zilizoandikwa na mtu mmoja hufanana mtindo hadi makosa ya vituo. Siku hizi vyuo vya nje humtumia mwalimu kiungo kwenye barua pepe yake, na ya chuo huaminika kuliko ya binafsi. Mpe mwezi mzima, mpelekee matokeo yako na muhtasari wa tasnifu, kisha mkumbushe kwa heshima. Na tena. Walimu wetu wana madarasa ya watu mia nne.

"GPA ni GPA"

Wastani huu wa alama Tanzania tunauhesabu hadi 5, Wamarekani hadi 4. Daraja la pili la juu kwetu huanzia 3.5. Ukiandika 3.8 bila kusema ni kati ya 5, Mmarekani ataona maajabu, kisha afungue matokeo yako aone ulimdanganya. Andika 3.8/5.0 na daraja lake, usijibadilishie mwenyewe.

"Uchumi wa kilimo ni wa waliokosa uchumi wenyewe"

Nenda kamwulize aliyetoka Chuo Kikuu cha Sokoine akaenda Michigan State, Cornell au UC Davis kule Marekani. Idara hizo zina heshima yake, na maswali yao mengi yako kwenye ardhi yetu: bei ya mahindi, ruzuku ya mbolea, soko la maziwa. Taasisi ya Tegemeo ya Chuo Kikuu cha Egerton, Kenya, imefanya kazi na Michigan State kwa miaka mingi.

Hata upande wa uchumi wenyewe, utafiti maarufu wa Michael Kremer na Edward Miguel kuhusu dawa za minyoo shuleni ulifanyika Busia, magharibi mwa Kenya, na Kremer alipata Nobel mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Kijana aliyepita nyumba kwa nyumba na dodoso, akajua kwa nini kaya hujibu hivi mbele ya mwenyekiti wa kijiji na vile akiondoka, ana kitu ambacho mwombaji wa Boston hana. Mwaka mmoja au miwili ya usaidizi wa utafiti Nairobi au Dar, ukishika data mwenyewe kwa programu za takwimu kama Stata au R, hukupa barua nzuri na maelezo ya nia yasiyoanza na "tangu utotoni nilipenda uchumi".

"Nikipata jibu niwahi, wasije wakabadili mawazo"

Maombi mengi ya PhD Marekani hufungwa Desemba, na majibu huja Februari na Machi. Vyuo vingi vimetia saini makubaliano kwamba aliyepewa nafasi yenye ufadhili ana hadi Aprili 15 kuamua. Wakikubana ujibu ndani ya wiki moja, waandikie kwa upole uulize kuhusu tarehe hiyo. Dada mmoja niliyemsaidia alipata "ndiyo" ya kwanza Februari, akatulia ingawa nyumbani walimsukuma akubali haraka, na Aprili 11 akaitwa na idara aliyoitaka kweli, iliyokuwa imemweka kwenye orodha ya kusubiri.