Je, wajua kwa nini mpishi wa Thailand huliacha tui likatike makusudi?

Jambo la kwanza nililofundishwa kuhusu tui, kabla hata sijaruhusiwa kukalia mbuzi ya kukunia nazi, ni kwamba lisikatike. Shangazi yangu, huko Tanga, alikuwa akinisimamisha mbele ya jiko na kunipa upawa: "Koroga, mwanangu, usiache mpaka lichemke. Ukigeuka tu limekatika." Aliyelelewa pwani anayajua maneno hayo. Tui likikatika, mchuzi unabaki na chembechembe nyeupe zinazoelea majini, mafuta yamejitenga kivyake, na mgeni akitazama bakuli anajua mpishi alikuwa anazungumza na jirani.

Basi nilishtuka sana Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, mwalimu wa darasa la upishi aliponishika mkono uliokuwa ukikoroga na kuniambia kwa upole niache. Kwenye karai mlikuwa na tui zito linatokota juu ya moto mkali. Mimi nakoroga kama nilivyolelewa, yeye anangoja likatike. Lisipokatika, alisema, kari haijaanza.

Madarasa haya ya wageni yamejaa Chiang Mai. La nusu siku ni kama baht 1,000. Gari linakufuata unapolala, mnapita sokoni, kisha kila mtu anapewa jiko lake la gesi na karai lake, mnapika vyakula vinne au vitano na kuvila hapohapo. Ukipata nafasi ya kuchagua, chagua darasa ambalo mnatwanga viungo wenyewe. Yapo yanayokupa viungo vilivyokwisha kutwangwa, na hapo nusu ya elimu imekupita.

Sokoni ndipo nilipojiona niko kwetu. Mchaichai uliofungwa mafungu. Sisi tunautia kwenye chai, wao wanautwanga. Ukwaju. Mrehani. Bilinganya ndogo za mviringo ambazo kwa macho yangu zilikuwa ngogwe. Vilivyokuwa vigeni kwangu ni galangali, ndugu wa tangawizi mwenye harufu iliyo karibu na ya msonobari, na ndimu ya makruti yenye ganda la makunyanzi, inayothaminiwa kwa ganda na majani kuliko maji yake. Mwalimu akaokota pilipili manga na kutuambia jina lake: phrik thai, pilipili ya Kithai. Jina hilo limebeba historia. Pilipili zinazotutoa machozi zilitoka Amerika, na inaaminika zilifika kule kwa Wareno, waliobisha hodi Ayutthaya, mji mkuu wa wakati huo wa Siam, yaani Thailand ya leo, mwaka 1511. Wareno haohao walikuwa wameshaipiga Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Kabla ya hapo ukali wa chakula cha Siam ulitoka kwenye pilipili manga, na mgeni alipoingia, ile ya zamani ikapewa jina la nchi.

Kwenye kibanda cha nazi kulikuwa na mashine ya kukunia. Nikamuuliza mwalimu zamani walikunaje. Akanionyesha picha ya kigoda cha mbao chenye ulimi wa chuma wenye meno. Kinaitwa kratai, yaani sungura, na vingi vilichongwa kwa umbo la sungura. Kwetu mbuzi, kwao sungura! Unakikalia vilevile, chombo cha kupokea kiko chini vilevile. Tui la mkamuo wa kwanza, lile ambalo wazee wa pwani huliita kasimile, wao huliita hua kathi, kichwa cha tui. Jepesi linalofuata ni hang kathi, mkia wa tui. Kichwa na mkia huwekwa mbalimbali tangu mwanzo, kwa sababu kazi zao ni tofauti kabisa.

Ili kuelewa kwa nini, tuliangalie tui lenyewe. Karibu theluthi moja ya nyama ya nazi iliyokomaa ni mafuta. Ukikuna na kukamua, mafuta hayo hutoka kama matone madogo mno, yasiyoonekana kwa macho, yaliyotapakaa ndani ya maji. Mafuta na maji havikai pamoja kwa hiari. Kinachoyazuia matone yasiungane ni protini za nazi, ambazo zimelivisha kila tone kama ngozi nyembamba. Hata weupe wa tui unatoka hapo: mwanga unagonga mamilioni ya matone hayo na kutawanyika kila upande.

Joto likipita nyuzi 80 hivi, protini zinaanza kugandamana, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe ukichemshwa. Matone yanavuliwa ngozi, yanakutana, yanaungana, na mafuta yanapanda juu. Asidi nayo inazivuruga protini hizo, ndiyo maana ukiminya ndimu mapema mchuzi wako wa samaki unaharibika machoni pako. Kukoroga kunasaidia kwa kuwa joto linasambaa na matone hayapati nafasi ya kukusanyika. Wanga unasaidia pia. Muhogo wa nazi haukatiki upesi, kwa sababu ule uzito wa muhogo unayabana matone yasikimbiliane.

Kwa hiyo shangazi alikuwa sahihi kabisa, kwa chakula anachopika. Mchuzi wetu wa nazi kwa kawaida unaanza na vitunguu vilivyokaangwa, bizari na nyanya vimeshaiva kwenye mafuta, na tui linaingia mwishoni kulainisha na kuunganisha. Harufu imeshapatikana. Kinachotakiwa kwa tui ni ulaini, na ulaini unakaa kwenye tui zima lisilokatika. Samaki wa kupaka mwenye chembechembe hafai kupelekwa mezani.

Kari ya Kithai inaanzia mahali pengine. Siku ile tulipika gaeng khiao wan, kari ya kijani. Tulitwanga pilipili za kijani, vitunguu vidogo vyekundu, kitunguu saumu, mchaichai, galangali, ganda la ndimu ya makruti na mizizi ya giligilani. Majani tuliyazoea, mizizi sikujua inaliwa. Juu yake bizari nyembamba, mbegu za giligilani na pilipili nyeupe. Mwisho kapi, yaani kamba wadogo waliosagwa na kuchachuka kwa chumvi. Ukitwanga kwa haki inachukua nusu saa, na mkono unauma. Mchaichai una nyuzi, na nyuzi zisipopotea utazikuta mdomoni.

Rojo linalotoka kinuni ni bichi na limejaa maji. Ukilitia kwenye tui jembamba linalochemka, linachemka tu. Kitunguu saumu kinabaki na ubichi wake na kapi inanuka vumba. Maji yanayochemka hayapiti nyuzi 100, hata uchochee moto namna gani. Mafuta yanapita, na juu ya hapo ndipo viungo vinapokaangika na kubadilika harufu. Tena harufu nzuri za mchaichai, ganda la ndimu na bizari zinayeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Ukali wa pilipili ni hivyohivyo, na rangi yake ya kijani pia. Rojo hili lazima likaangwe.

Likaangwe kwa mafuta gani? Mafuta yamo ndani ya nazi. Unachotakiwa ni kuyafungulia mlango. Wathai wana neno lake: taek man. Taek ni kuvunjika au kupasuka, man ni mafuta. Kwetu kukatika kwa tui ni ajali yenye jina. Kwao ni hatua ya mapishi yenye jina, na mapishi mengi ya kari yanaanza kwa kukuagiza uifikie.

Sasa turudi kwenye karai, maana jambo hili linataka kuonekana. Mwalimu alitumiminia kikombe kimoja cha kichwa cha tui, basi. Mwanzo lilichemka kama tui lolote, povu jeupe, mapovu makubwa yanayopasuka kwa uvivu. Maji yalivyozidi kuruka, likawa zito kama uji. Kisha sauti ikabadilika. Ule mtokoto mzito ukageuka mchirizo mwembamba, kama wa kitunguu kinachoanza kukaanga, na mapovu yakawa madogo, mengi, ya haraka. Pembeni mwa karai vikatokea vidimbwi vya mafuta yasiyo na rangi. Harufu ikatoka kwenye maziwa ikaenda kwenye karanga zilizokaangwa. "Sasa," akasema.

Rojo likaingia, na chumba kizima kikakohoa. Dakika mbili tatu za kulisukuma kwa mwiko, mpaka mafuta yaliyokuwa hayana rangi yakawa kijani na kuanza kuchuruzika kutoka kwenye rojo. Hapo ndipo kuku alipoingia, kisha mkia wa tui kidogo kidogo, zile bilinganya, maji ya samaki waliochachuka kwa chumvi, yaitwayo nam pla, na sukari ya mnazi. Moto ulikuwa umeshapunguzwa. Majani ya makruti na mrehani yaliingia mwisho. Ukiipakua, juu kunaelea utando wa mafuta ya kijani. Kwangu ingekuwa aibu ya mpishi. Kule ndiyo alama kwamba rojo lilikaangwa vizuri.

Nikiwa nimesimama pale nilikumbuka kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Shangazi huyohuyo alikuwa akikatisha tui kwa makusudi kila baada ya miezi michache, uani, kwenye sufuria kubwa, kutengeneza mafuta ya nywele. Lilikaa motoni mpaka mafuta yakapanda na mashapo ya kahawia yakabaki chini, na sisi watoto tuliyagombania yale mashapo. Ufundi ule tunao. Tuliuweka kwenye nywele, wao wakauweka kwenye chungu.

Na mpishi wa Thailand hakatishi tui kila mara. Tom kha gai, supu ya kuku na galangali, inapikwa kwa tui lililo laini, moto mdogo, halichemshwi kwa nguvu, na maji ya ndimu yanatiwa baada ya kuzima moto. Shangazi angeielewa supu hiyo bila mkalimani. Massaman, ambayo jina lake linahusishwa na neno Muislamu, ina iliki, mdalasini na karafuu kama pilau letu, lakini hiyo huanza kwa tui lililokatika. Muislamu atakayesoma huko asiogope. Darasani walituuliza mapema nani hali nguruwe, na kuku alikuwepo kwa kila chakula.

Jingine nililolijua nikiwa huko: chakula cha asili cha kaskazini, cha watu wa Lanna, kina tui kidogo sana. Minazi inastawi kusini na katika nyanda za kati zilizo karibu na bahari. Khao soi, tambi za mchuzi wa nazi unazozikuta kila kona ya Chiang Mai, ni mojawapo ya vyakula vichache vya nazi upande huo. Ukijifunza kari ya kijani pale, unajifunza chakula cha nyanda za kati. Omba na gaeng hang le, nyama ya tangawizi na ukwaju isiyo na tone la tui, uonje kaskazini yenyewe. Tena ulizia ya ng'ombe au kuku, maana ya kawaida ni ya nguruwe.

Ukitaka kujaribu nyumbani, kuna mtego mmoja. Tui la boksi au kopo mara nyingi limepitishwa kwenye mashine inayoyasaga matone yawe madogo zaidi, na limeongezwa vitu vya kulishikilia, kama gamu ya guar. Limetengenezwa lisikatike. Utalichemsha mpaka uchoke na litabaki zito tu. Soma maelezo ya boksi. Lenye nazi na maji peke yake lina nafasi nzuri zaidi. Likigoma, ongeza kijiko cha mafuta ya nazi uendelee. Ila mwenye mbuzi na kifumbu anayo bahati ambayo wapishi wengi wa Ulaya wanaopika kari ya Kithai hawana. Kamua kasimile bila maji, iweke kando, kisha tia maji ya vuguvugu kwenye chicha upate mkia.

Nilimpikia shangazi niliporudi. Galangali sikupata, nikatumia tangawizi, ambayo harufu yake si ileile. Alisimama mlangoni akatazama karai. "Limekatika hilo, mwanangu." Nikamwambia nalingoja likatike zaidi. Hakusema kitu mpaka rojo lilipoingia na yeye akakohoa. Kisha akasogea, akachota mafuta ya kijani pembeni kwa kijiko, akaonja, akaniuliza nimejuaje kwamba wakati wa kutia viungo umefika. Nikamwambia nilisikiliza sauti. Swali lake la pili lilikuwa kama uduvi uliosagwa unaweza kushika nafasi ya kapi. Tulijaribu Jumamosi iliyofuata, tukaukaanga pamoja na rojo. Unafaa, ila chumvi ipunguzwe.