Farasi 612 na sekunde 4.4: ninavyozisoma takwimu za CL 65 AMG

Mtu akiniletea gari nilipime nguvu, swali lake la kwanza huwa lilelile: linafika kilomita 100 kwa sekunde ngapi? Nami humjibu kwamba hilo ni swali la kuulizwa tairi kwanza, injini baadaye. Ili nieleweke, nitachukua magari manne ya milango miwili yaliyokuwa sokoni kwa pamoja mwaka 2007: Mercedes-Benz CL 65 AMG, Bentley Continental GT Speed, BMW M6 na Porsche 911 Turbo. Wazungu huyaita magari ya aina hii kwa neno la Kifaransa linalotamkwa "kupe", nami nitaliepuka, kwa kuwa kwa mfugaji yeyote wa ng'ombe neno hilo halina ufahari hata kidogo.

Takwimu za viwandani ni hizi. CL 65 ina injini ya silinda 12 na tabo mbili (pampu zinazoisukumia injini hewa zaidi), nguvu za farasi 612, msokoto, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, wa Nm (Newton mita) 1,000, na hufika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 4.4. Bentley nayo ina silinda 12 na tabo mbili, farasi 610, msokoto wa Nm 750, sekunde 4.5. M6 ina silinda 10 zisizo na tabo, farasi 507, Nm 520, sekunde 4.6. Porsche ina silinda sita tu, tabo mbili, farasi 480, Nm 620, lakini ikiwa na giaboksi ya otomatiki hufika kwa sekunde 3.7. Yaani gari lenye farasi wachache kuliko yote ndilo linalotangulia, na lenye msokoto unaokaribia wa lori halipishani na M6 hata robo sekunde.

Kabla ya kulifumbua fumbo hilo, niseme neno kuhusu vipimo, maana ndipo wabishi wengi wanapopotea. Farasi wa Wajerumani ni mdogo kidogo kuliko farasi wa Waingereza na Wamarekani. Nguvu za CL 65 ni kilowati 450, ambazo Mjerumani huziandika 612 na Mmarekani 604. Za Bentley huandikwa 610 Ujerumani na 600 kwao Uingereza. Anayechukua 612 ya karatasi moja na 600 ya karatasi nyingine huapa kwamba Mercedes imeizidi Bentley kwa farasi 12, kumbe tofauti ni farasi wawili. Vivyo hivyo, majarida ya Marekani hupima kuanzia sifuri hadi maili 60, ambazo ni kilomita 96.6, na mengi yao huanza kuhesabu baada ya gari kusogea kama futi moja. Mwanya huo mdogo huiba karibu robo sekunde nzima, hivyo usilinganishe kamwe sekunde za jarida la Marekani na za kiwanda cha Ujerumani.

Sasa turudi kwenye tairi. Msokoto wa injini haufiki barabarani ulivyo. Gia ya kwanza na difu, yaani gia za kwenye ekseli zinazozungusha magurudumu, huuzidisha, na katika CL 65 huuzidisha takriban mara tisa. Nm 1,000 zikizidishwa mara tisa, kisha zikagawanywa kwa nusu kipenyo cha gurudumu ambacho ni kama sentimita 35, zinatoa nguvu ya kusukuma inayokaribia Newton 26,000 (Newton 10 ni kama uzito wa kilo moja). Gari lina uzito wa takriban kilo 2,240, na hata uzito unapohamia nyuma wakati wa kuondoka, magurudumu mawili ya nyuma hayabebi zaidi ya Newton 13,000 hivi. Kwenye lami kavu tairi nzuri haishiki kwa nguvu inayozidi sana uzito ulioikalia. Kwa hesabu hiyo ya karatasi, injini inaidai tairi mara mbili ya kile inachoweza kutoa, na katika gia ya pili bado inaizidi kidogo.

Nimekaa kiti cha abiria katika gari la aina hiyo, mwenyewe akiwa anaendesha, na nilichokiona kwenye dashibodi kilikuwa pembetatu ndogo ya njano. Alipokanyaga mafuta hadi chini, pembetatu ilianza kumetameta na injini ikapunguza sauti, kana kwamba mtu ameishika kola. Kompyuta ilikuwa inazinyima tairi nguvu ili zisizunguke bure. Na hapo tayari AMG, kitengo cha Mercedes cha magari ya kasi, walikuwa wameubana msokoto kwa makusudi: injini yenyewe ina uwezo wa Nm 1,200, ikafungiwa kwenye 1,000 kwa ajili ya kuihurumia giaboksi. Hata giaboksi hiyo ni ya zamani ya gia tano, kwa sababu ile mpya ya gia saba isingestahimili.

Linganisha M6 na 911. M6 ina kilo 1,710 bila dereva, Porsche ya otomatiki kilo 1,620. Ukigawanya farasi kwa tani, zote mbili zinapata 296. Uwiano ni uleule kabisa, ilhali zimeachana kwa sekunde 0.9. Porsche imebeba injini yake nyuma ya ekseli ya nyuma na husukuma kwa magurudumu manne, tena msokoto wake wote unapatikana kuanzia mizunguko 1,950 kwa dakika. M6 husukuma kwa mawili, na msokoto wake wa juu unapatikana kwenye mizunguko 6,100. Bentley nayo, yenye kilo 2,350, inaokolewa na magurudumu manne. Ingekuwa na mawili tu, sidhani kama ingeikaribia Mercedes.

Gari likishachanganya, mambo yanageuka, na kwangu hapa ndipo CL 65 inapostahili bei yake. Injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000, karibu usingizini, Nm 1,000 ni sawa na farasi 285. Hata tukiipa M6 msokoto wake wote wa 520 katika mizunguko hiyohiyo, jambo ambalo haliwezi, ingepata farasi 148. Dereva wa M6 anayetaka kulipita lori lazima ashushe gia kadhaa na kuipandisha injini mpaka ianze kulia. Wa CL 65 anasogeza mguu tu. Hilo halionekani popote kwenye safu ya sifuri hadi mia.

Mwendo wa juu nao husomwa kwa tahadhari. Mercedes na BMW hujifunga wenyewe kwenye kilomita 250 kwa saa, wakati Bentley ilitangaza 326 na Porsche 310. Msomaji hudhani Bentley ina nguvu zaidi, ilhali kinachoizuia CL 65 ni programu tu. Ila pengo hilo si dogo kwa upande wa upepo: nguvu ya kuushinda upepo hukua kwa mchemraba wa mwendo (mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu inayohitajika huwa mara nane), kwa hiyo kutoka 250 hadi 326 injini hudaiwa zaidi ya maradufu.

Mwisho kuna mwinuko, ambao karatasi za Ulaya haziuandiki kwa kuwa huko hauwasumbui. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake imepungua uzito kwa takriban asilimia 15. Injini isiyo na tabo hupungukiwa kwa kiasi hichohicho, hivyo M6 ya farasi 507 ikifika hapo hubaki na kama 430. CL 65, Bentley na Porsche hazipotezi kiasi hicho, kwa kuwa tabo huzunguka kwa kasi zaidi na kufidia sehemu kubwa ya hewa iliyokosekana. M6 hiyohiyo ikiteremka Mombasa hurudishiwa farasi wake karibu wote, ukiondoa wachache wanaoliwa na joto.