Mhandisi wa viwanda si fundi wa mashine

Mwanafunzi anayesomea uhandisi wa viwanda akirudi nyumbani likizo, haichukui siku mbili kabla hajaletewa mashine ya kusaga iliyokwama. Wanaomletea hawana ubaya, ila wamelielewa neno visivyo, na nimewasikia hata wasomi wakilieleza hivyohivyo. Uhandisi wa viwanda ni taaluma ya kupanga watu, mashine, vifaa na muda ili kazi itoke vizuri bila kupoteza nguvu wala mali. Kusanifu mashine ni kazi ya mhandisi mitambo. Kuitengeneza ikiharibika ni ya fundi.

Kinachotupotosha ni kuling'ang'ania neno "viwanda" na kulisahau lile la kwanza. "Mhandisi" limetoka katika Kiarabu, ambacho nacho kiliuchukua mzizi wake kutoka Kiajemi, katika neno lenye maana ya kipimo. Mhandisi, basi, ni mtu wa vipimo, na kwa maoni yangu hakuna tawi la uhandisi lililo karibu na asili hiyo kuliko hili, kwa kuwa hupima kazi yenyewe inavyofanyika. Frank Gilbreth, Mmarekani aliyeanza uashi mwaka 1885, aliona jinsi mwashi anavyoinama kuokota kila tofali, akainua mwili wake mzima kwa ajili ya tofali moja. Akabuni jukwaa linalopandishwa kadiri ukuta unavyopanda, matofali yakae usawa wa kiuno, na miondoko 18 ya kuweka tofali moja ikapungua hadi 5. Hapakuwa na injini, wala hakuna aliyeamriwa kukimbia.

Tena "kiwanda", ndugu wa "kiwanja" na "uwanda", si lazima kiwe jengo lenye bomba la moshi. Hospitalini mgonjwa hupanga foleni ya kadi, kisha ya daktari, kisha ya maabara, halafu humrudia daktari yuleyule; ikiwa maabara ina mpimaji mmoja tu, kuongeza daktari wa pili kutairefusha foleni ya maabara bila kumwahisha mgonjwa nyumbani. Kupatambua mahali hapo panapobana, kwa saa na daftari, ndiyo kazi anayosomea kijana huyu.

Kwa hiyo mashine ya kusaga apelekewe fundi, naye mwanafunzi aulizwe kwa nini wateja wa mashine hiyo, hata inapofanya kazi vizuri, hushinda pale tangu asubuhi.