Kamba, Kafi na Marafiki: Tunachokiogopa Bure na Tunachokipuuza

Sema ofisini Jumatatu kwamba wikendi ulikuwa hifadhi ya Hell's Gate umening'inia kwenye ukuta wa mwamba, au Mto Sagana ndani ya boti ya mpira, na maswali yatakuwa yale yale. Kamba ikikatika je? Hakuna mamba? Kwani umechoka na maisha? Nimeyasikia kiasi cha kuamini kwamba woga wa watu wengi umeelekezwa pasipo. Wanaiogopa kamba, ambayo ukiitunza haikusaliti, na hawaliogopi wingu jeusi lililosimama mbali juu ya vilima. Wanaogopa kimo cha jiwe, kisha wanavua jaketi la kuokoa maisha kwa sababu linawabana kifuani. Wanaoanza kukwea na kupiga kafi nasi nao huja na imani hizo, na ni afadhali kuzisahihisha kabla ya safari.

"Kamba itakatika"

Kamba ya kukwea si ndugu wa kamba ya kufungia mizigo kwenye lori. Ndani ina nyuzi nyingi za nailoni, nje imefunikwa na ala iliyofumwa, na imetengenezwa makusudi ivutike. Mkweaji akianguka, kamba hurefuka na kuumeza mshtuko, ili kiuno chake na vyuma vilivyo ukutani visiupokee kwa pigo moja. Kamba ngumu isiyovutika, hata kama ni nene kuliko kidole gumba, ni hatari kwa kazi hii hii ambayo watu hudhani inaifaa. Karabina nayo, ile pete ya chuma ya kuunganishia kamba, mlango wake ukiwa umefungwa, hustahimili kilonyutoni 20 au zaidi, yaani takriban uzito wa tani 2. Hakuna rafiki yako anayefika huko.

Kinachoimaliza kamba ni ukingo mkali wa jiwe, uzee, na kemikali. Hapa kuna imani nyingine inayonitia wasiwasi zaidi ya ile ya kwanza: kwamba kamba ya mtumba, mradi ni safi na bei ni nzuri, haina neno. Viatu vya kukwea vya mtumba nunua, ukiviosha vinafaa. Kamba na hanesi, ile mikanda ya kiunoni na mapajani inayofungiwa kamba, hapana. Asidi ya betri, hata mvuke wake ndani ya buti la gari, hula nailoni bila kuacha alama ya kuonekana. Kamba iliyokaa miaka kadhaa karibu na betri inaweza kung'aa kama mpya huku nyuzi zake za ndani zimekwisha. Watengenezaji wengi husema kamba istaafishwe ikifika miaka 10 hata kama haijatumika kamwe, na kabla ya hapo ikiwa imetumika sana. Asiyejua historia ya kamba hajui alichokinunua.

Ajali nyingi za kamba, hata hivyo, husababishwa na mikono ya watu. Fundo lililofungwa nusu kwa sababu mtu aliitwa katikati ya kazi. Kamba iliyokuwa fupi kuliko njia, mwisho wake ukachomoka kwenye kifaa cha mshika kamba, yaani aliye chini akimshikilia mkweaji, wakati mwenzake anateremshwa. Hanesi ambayo kishikizo chake hakikukazwa. Ndiyo maana chini ya Fischer's Tower, lile jiwe la volkano la mita 25 hivi ambapo wengi wetu huanzia, mguu hautoki ardhini kabla watu wawili hawajakaguana. Unafuatisha fundo la namba nane la mwenzako kwa kidole, nyuzi mbili zikienda sambamba mwanzo hadi mwisho. Unavuta mkanda wake wa kiunoni. Unaiminya karabina uone kufuli limejifunga. Unatazama mwisho wa kamba kama una fundo. Naye anakufanyia vivyo hivyo. Haichukui hata dakika moja, na haijalishi kama mmekwea pamoja tangu chuo. Waliozoeana ndio wanaoruka hatua. Baada ya hapo, mkono wa breki wa mshika kamba, ule unaoizuia isikimbie, hauachi kamba kwa lolote, si kwa nzi, si kwa simu, si kwa picha.

"Lazima uwe na mikono yenye nguvu"

Vijana wa jimu ndio wanaochoka kwanza. Wanajivuta kwa mikono kama wako kwenye chuma cha mazoezi, na baada ya mita chache vigasha vimejaa na kukaza hadi vidole havifungi tena. Jiwe hukwewa kwa miguu. Mikono inakushikilia usidondoke nyuma, nyonga zinakaribia ukuta, na paja, ambalo lina misuli mikubwa kuliko mkono, linakuinua. Mtu anayeweka ncha ya kiatu mahali sahihi na kuiamini atampita mwenye kifua kipana bila kutoa jasho.

Dhana hii ndiyo inayowaweka wanawake wengi chini wakipiga picha, na inaniudhi. Mwaka 1993 Lynn Hill wa Marekani alikwea njia iitwayo The Nose kwenye El Capitan, ukuta wa takriban mita 900, akitumia kamba kama kinga tu bila kujivuta nayo. Hakuna mtu, mwanamume au mwanamke, aliyewahi kuimaliza hivyo kabla yake. Mwaka uliofuata akairudia ndani ya siku moja. Kukwea kulipoingizwa kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, Janja Garnbret wa Slovenia alitwaa dhahabu ya wanawake, akaitwaa tena Paris mwaka 2024. Sisi huku kwenye miamba ya Lukenya hatuhitaji dhahabu, lakini nimeona mara nyingi msichana aliyeletwa kusindikiza ndiye aliyemaliza njia iliyowashinda waliomleta.

Kuhusu woga wa kimo, nitasema kwa ufupi: karibu kila mtu anao, wakweaji wazuri wakiwemo. Unapungua kadiri unavyoelewa kinachokushikilia. Kitu ambacho wageni hawakiogopi na wangepaswa ni nyuki. Nyufa za miamba yetu ni makao yao, na mtu aliye katikati ya ukuta hana pa kukimbilia. Tazama njia nzima kutoka chini kabla ya kufunga kamba, na ukiona nyuki wanaingia na kutoka kwenye ufa, chagua ukuta mwingine. Huko Hell's Gate kuna pia tai mzoga wanaozaa kwenye kuta. Sehemu zenye viota huachwa, na hilo si la kujadili na askari wa wanyamapori.

"Mimi najua kuogelea"

Kwenye mto, hii ndiyo kauli inayonikosesha raha kuliko zote. Aliyejifunza kwenye bwawa la hoteli amejifunza kwenye maji yaliyosimama, yenye ukingo wa kushika. Maji ya kasi ya Sagana, mto unaoingia Tana baada ya kuteremka kutoka Mlima Kenya na Nyandarua, yanafanya mambo mengine kabisa. Pale yanapogeuka meupe yamejaa hewa, na mwili hauelei ndani ya povu kama unavyoelea kwenye maji mazito. Ukitumbukia ghafla, baridi hukufanya uvute pumzi bila hiari yako, na kama kichwa kiko chini wakati huo, unavuta maji. Jaketi la kawaida la mchezo huu lina nguvu ya kukuinua ya nyutoni 50, kama kilo 5 tu, na hizo zinatosha kwa sababu mwili ndani ya maji hauna uzito mkubwa. Lakini ni lazima lifungwe. Lililoachwa wazi hupanda hadi masikioni na mwenyewe anabaki chini. Likague hivi: mwenzako alishike mabegani alivute juu kwa nguvu; likipita kidevu, halijakazwa.

Jambo la pili wanalokosea waogeleaji ni kujaribu kusimama. Umeanguka kutoka kwenye boti, maji yanafika kiunoni tu, akili yote inakwambia weka miguu chini. Usiweke. Mguu ukinasa kati ya mawe mawili, mkondo utakusukuma kifudifudi na kukulaza, na kina cha kiunoni kinatosha kabisa kumzamisha mtu mzima. Lala chali, vidole vya miguu vikionekana juu ya maji na vikielekea unakokwenda, piga mikono kuelekea kando, na usimame pale tu ambapo maji yametulia na hayafiki magoti. Ukiona mti ulioanguka mtoni huko mbele, badilisha mpango: maji yanapita kati ya matawi, mtu hapiti. Huko unaogelea kwa nguvu zako zote kuukwepa.

Wengine husema mto wanaujua, waliupita mwaka jana. Waulize wapiga kafi wa Jinja, Uganda. Maporomoko ya Bujagali yaliyokuwa yanavuta watu kutoka duniani kote yalifunikwa na maji ya bwawa la umeme lililozinduliwa mwaka 2012, kisha bwawa la Isimba, mwaka 2019, likafunika sehemu nyingine za maji ya kasi huko chini. Huo ni Mto Nile mzima. Kijito chako kinaweza kubadilishwa na mvua ya usiku mmoja na gogo moja.

"Viboko hawapo, mbona hatujawaona"

Naivasha maji yametulia, kayaki ni nyepesi, jua la asubuhi ni zuri, na watu husahau wako nyumbani kwa nani. Kiboko anaweza kukaa chini kwa takriban dakika 5 kabla ya kuinuka kuvuta pumzi. Ziwa linaloonekana tupu kwa dakika 2 halijakwambia lolote. Haogelei kwa kuelea, anatembea na kujisukuma kwenye sakafu ya ziwa, kwa hiyo huwezi kumwona anakuja. Kinachomkasirisha zaidi ni kukuta umemzibia njia ya kurudi kwenye kina. Kaa mbali na mafunjo, usipite kati ya kundi na maji marefu, gonga ubavu wa kayaki mara kwa mara wajue mko wapi, na muwe mmetoka majini kabla ya magharibi, saa wanapoanza kwenda malishoni. Wavuvi wa hapo wanajua kundi lilikolala asubuhi hiyo. Kuwauliza ni bure, na sijui kwa nini watu wa Nairobi wanaona haya kuwauliza.

"Hapa hainyeshi"

Korongo la Ol Njorowa ndani ya Hell's Gate ni jembamba, kuta zake zimechongwa na maji, na sehemu nyingine unaweza kugusa pande zote mbili. Wengi hushuka humo mchana baada ya kukwea, wakifuata chemchemi za maji moto. Chini ni pakavu, juu mbingu ni ya samawati. Lakini maji yaliyochonga korongo lile hayakuanguka pale. Mvua hunyesha kwenye miinuko iliyo mbali, hukusanyika, na hufika korongoni kama ukuta. Aprili 2012 vijana 7 waliokuja na kikundi cha kanisa walikufa humo kwa mafuriko ya ghafla. Septemba 2019 yakaua watu 7 tena, kutoka kundi lililokuwa na mwongozaji.

Narudia hilo la mwongozaji kwa sababu wengi huamini ukilipa mwongozaji umenunua usalama. Mwongozaji mzuri anajua njia za kutokea na anajua kugeuka mapema, wala mimi siingii bila mmoja. Hana uwezo wa kuzuia maji. Kabla ya kuingia ulizeni getini kama kumenyesha upande wa juu. Ndani, maji yakianza kugeuka rangi, yakileta majani na vijiti, au mkisikia mngurumo usioeleweka, msisubiri kuuthibitisha. Pandeni njia ya karibu ya kutokea, hata kama mikoba inabaki.

"Haya ni mambo ya Wazungu"

Msafara wa Halford Mackinder uliofika Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya, mita 5,199, mwaka 1899 ulibebwa mabegani na wapagazi wengi, Waswahili na Wakikuyu, na majina yao hayakupewa kilele. Bendera ya Kenya huru ilipandishwa kwenye Mlima Kenya Desemba 1963 na Kisoi Munyao, Mkamba aliyeujua ule mlima. Na mtu wa Lamu akikuona unapiga kafi kwenye mikoko atakusahihisha mshiko wako, kwa sababu babu yake alikwenda kuvua kwa mtumbwi maisha yake yote. Gharama ipo, sikatai. Lakini kamba moja hutumiwa na watu wengi, nauli ya gari ikigawanywa inapungua, na Hell's Gate ni mojawapo ya hifadhi chache nchini unapoweza kuingia kwa miguu au kwa baiskeli.

"Tuko wengi, tuko salama"

Wingi hauokoi mtu. Kundi la marafiki lina tabia ya kusukumana: kila mmoja anaona wingu, kila mmoja anangoja mwingine aseme, na anayeogopa zaidi ananyamaza kwa sababu hataki kuonekana ameharibu wikendi ya watu. Pombe ikianza mchana ndiyo kabisa. Kwetu bia ni ya jioni, vifaa vikishafungwa, na kuna mtu nyumbani anayejua tuko wapi na saa ngapi aanze kupiga simu. Saa ya kugeuka hupangwa asubuhi, wakati hakuna aliyechoka wala aliyekaribia kilele. Na kabla gari halijawashwa Nairobi tunakubaliana jambo moja mbele ya wote, wageni wakisikia: yeyote akisema hapana, iwe mtoni au ukutani, haulizwi sababu hadi tumefika mahali pakavu, na atakayemcheka hatashika kamba ya mtu siku hiyo.