Hiperplasia ya adreno ya kuzaliwa: matibabu yake

Juu ya kila figo ipo tezi ndogo iitwayo adreno. Hutoa kotisoli, homoni inayouwezesha mwili kuhimili maradhi na njaa, na aldosteroni, inayozuia chumvi isipotee kwenye mkojo. Mtoto aliyerithi jeni yenye hitilafu kwa baba na kwa mama pia hukosa kimeng'enya cha kuzitengeneza. Ubongo huzidi kuichochea tezi, nayo hutanuka na kumwaga homoni za kiume kupita kiasi. Huo ndio ugonjwa uitwao hiperplasia ya adreno ya kuzaliwa.

Mtoto wa kike anaweza kuzaliwa na sehemu za siri zisizo za kawaida, hivyo akagundulika mapema. Wa kiume huonekana mzima, kisha wiki ya pili au ya tatu anaanza kutapika na kulegea. Ni rahisi kudhani ni maambukizi tu, na ndivyo watoto wanavyopoteza maisha.

Tiba ni kuurudishia mwili homoni unazokosa, maisha yote. Kwa mtoto hutumika haidrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya kotisoli, kwa kawaida mara tatu kwa siku. Mtoto mchanga huhitaji kipande tu cha kidonge, kilichosagwa na kukorogwa kwenye maziwa kidogo ya mama. Anayepoteza chumvi huongezewa fludrokotisoni, inayoshika nafasi ya aldosteroni, na katika miezi ya mwanzo chumvi ya kawaida kwa kipimo cha daktari. Deksamethasoni, dawa ya jamii ya haidrokotisoni, ina nguvu mno kwa anayekua, hudumaza kimo. Lakini dozi ikiwa ndogo mno, balehe huwahi na mifupa hukomaa kabla ya wakati, mtoto akabaki mfupi vilevile. Ndiyo maana kliniki humpima urefu kila mara.

Desemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya ugonjwa huu iitwayo krinesafonti, kwa wenye umri wa kuanzia miaka 4. Hupunguza homoni za kiume, lakini humezwa pamoja na haidrokotisoni, haichukui nafasi yake.

Kwangu, somo kubwa kuliko yote ni siku za ugonjwa. Mwili wenye afya huongeza kotisoli wenyewe homa ikipanda, huyu hawezi. Dozi yake ya haidrokotisoni huongezwa mara mbili au tatu hadi apone. Akitapika dawa isikae tumboni, achomwe sindano ya haidrokotisoni na kukimbizwa hospitali: miligramu 25 kwa mtoto mdogo, 50 kwa wa umri wa shule, 100 kwa mtu mzima. Mzazi anaweza kufundishwa kuichoma pajani, na aombe kufundishwa mtoto angali mzima. Walimu wake nao waambiwe.