Herufi moja haikuokoi

Wafanyabiashara wengi, Tanga na kwingineko, huamini kwamba ukibadili herufi moja ya jina la bidhaa ya mwenzio, huwezi kushtakiwa. Sivyo. Kinachoangaliwa ni kama mnunuzi wa kawaida anaweza kuchanganyikiwa, naye hazilinganishi bidhaa mbili akiwa amezishika mkononi, anategemea kumbukumbu.

Tuseme kuna sabuni ya mche iitwayo Zulfa, yenye karatasi ya bluu, na nyingine ikaja, Zulifa, bluu vilevile. Mtoto katumwa dukani Ngamiani, anasema “nipe Zulfa.” Sikioni ni jina moja, kwa hiyo muuzaji atatoa yoyote iliyo karibu. Hupimwa mwonekano, matamshi, maana na aina ya bidhaa. Mwanzo wa jina huwa na uzito zaidi. Zulfa ya matairi ingekuwa hoja nyingine, labda kama sabuni hiyo ni maarufu mno.

Na tafadhali, cheti cha jina la biashara si usajili wa alama ya biashara, yaani jina au nembo ya bidhaa. Alama husajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, kwa miaka 7, kisha huhuishwa kila miaka 10. Zanzibar ina usajili wake. Ombi likitangazwa, mwenye pingamizi ana siku 60.