Mlipuko ambao haukulipuka

Saa saba mchana, bustani ya Jeevanjee, katikati ya Nairobi. Wenye chakula wanakula, wasio nacho wamelala nyasini, na mhubiri wa zamu ameshika kipaza sauti. "Wanasayansi wanatuambia dunia ilitokana na mlipuko! Nawauliza, bomu likilipuka katika karakana ya seremala, litatuachia kiti?" Hapana! "Litatuachia meza?" Hapana! "Amina?" Amina!

Kijana aliyeketi kando yangu akacheka kwa pua. Mkononi alikuwa na kitabu cha nyota cha inama, vile vinavyotandazwa chini kando ya barabara hadi uiname ndipo uone jina. "Mzee, hawa watu hawajasoma," akaniambia. "Kila kitu kililipuka kutoka kwa nukta moja. Mungu wa nini tena?"

Swali la karakana nimelisikia kwenye matatu, matangani, hata kwenye harusi moja. Jibu la kijana nalo nimelisikia mara nyingi vilevile. Kinachonikera ni kwamba hawa wawili, wanaodhani wako pande mbili za mto, wamesimama ukingo mmoja. Wote wanaliona bomu. Mmoja analikataa, mwingine analishangilia.

Maana yenyewe ni fupi. Mlipuko Mkubwa, au Mlipuko Mkuu kama wengine wanavyoandika, ni jina la nadharia inayosema kwamba miaka bilioni 13.8 hivi iliyopita ulimwengu tunaouona ulikuwa na joto kali mno na msongamano mkubwa mno, na tangu wakati huo umekuwa ukitanuka na kupoa. Basi. Bomu halimo. Giza lililokuwa likingoja kuangazwa halimo. Aliyeuanzisha, kama yupo, hakutajwa wala hakukanwa. Na ni ulimwengu, si dunia: dunia hii tunayoikanyaga ina umri wa miaka bilioni 4.5 hivi, kwa hiyo ilikuja wakati sherehe imeshapita theluthi mbili. Anayesema "dunia ilitokana na mlipuko" amekosea mara mbili katika maneno manne.

Sasa twende kwenye jina, maana huko ndiko tulikopotezwa.

Wazo hili lilianza kuandikwa na Georges Lemaître, Mbelgiji aliyepigana Vita vya Kwanza vya Dunia, akasomea hisabati na fizikia, kisha akapewa upadri mwaka 1923. Naam, padri wa Kikatoliki, mwenye kola. Mwaka 1927 alichapisha makala yenye hesabu zinazoonyesha kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapiga hatua zaidi: kama unatanuka, ukirudi nyuma utaukuta umebanana, na ukirudi nyuma kabisa utakuta kitu alichokiita atomu ya awali. Jina la kiasi, la mtu mtaratibu. Halikushika.

Lililoshika lilitoka kinywani mwa mpinzani wake. Tarehe 28 Machi 1949, Mwingereza Fred Hoyle alikuwa akizungumza kwenye redio ya BBC. Yeye na wenzake wawili walikuwa na nadharia yao kwamba ulimwengu hauna mwanzo, umekuwapo siku zote hivi ulivyo. Akiieleza ile nyingine asiyoikubali, akasema ni dhana kwamba maada yote iliumbwa kwa "big bang" moja. Wapo waliosikia kejeli. Mwenyewe alikana baadaye, akasema alitafuta tu picha ambayo msikilizaji wa redio angeiona akilini. Mimi namwamini. Redio haina ubao, na mtu anayezungumza redioni hushika neno lolote lenye kelele. (Hoyle hakuwa mtu wa kubezwa, kwa njia. Ni yeye na wenzake walioonyesha, mwaka 1957, jinsi kaboni, oksijeni na chuma vinavyopikwa ndani ya nyota.)

Tazama basi kinyume chake: padri ndiye aliyeleta nadharia, asiyeamini akaipa jina, na leo hii mhubiri wa Jeevanjee anaipiga mawe kama kazi ya wakanaji Mungu.

Lakini Waingereza nao tusiwasingizie kila kitu, maana Kiswahili kilipolipokea neno kililiongezea baruti. "Bang" ni mlio. Ni sauti ya mlango uliobamizwa, ya bunduki, ya sufuria iliyoanguka sakafuni. Kwetu neno la karibu lilikuwapo tangu jadi: mshindo. Na si mshindo tu, tulikuwa na mshindo mkuu, umekaa tayari ndani ya methali ambayo kila mtoto wa darasa la sita ameiandikia insha: kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya, kisha mshindo. Sijui mfasiri angetaka apewe nini zaidi. Badala yake tukashika "mlipuko", neno lenye moto, vipande na majeruhi. Kinacholipuka kwetu ni mtungi wa gesi, ni baruti, ni hasira, ni kipindupindu. Hakuna kitu chema kinacholipuka kwa Kiswahili.

Na hapa Nairobi neno hilo lina tarehe. Mtu wa umri wangu akisikia "mlipuko" haendi angani. Anaenda tarehe 7 Agosti 1998, Ijumaa asubuhi, bomu la ubalozi wa Marekani, makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie, vioo vikiwanyeshea watu, zaidi ya 200 wakafa. Kutoka Jeevanjee hadi pale ni mwendo wa miguu. Mhubiri anapowauliza watu wa mji huu kama bomu linajenga, anawauliza waliozoa vifusi, na jibu lao ni la haki kabisa. Swali ndilo bovu.

Waandishi wa vitabu vya nyota kwa watu wa kawaida wana sehemu yao katika lawama hii, na mimi nimo. Kazi yangu ni kuhariri matini. Miaka kadhaa iliyopita niliwahi kupitisha kitabu cha watoto chenye ukurasa mzima wa mpira wa moto ukipasuka katikati ya giza, na chini yake maneno "hivi ndivyo ulimwengu ulivyoanza". Nilirekebisha koma. Picha nikaiacha, kwa sababu ilikuwa nzuri. Sasa jiulize, mchoraji alisimama wapi akaiona? Kuona mpira ukipasuka gizani ni lazima uwe nje yake, na nadharia hii haina nje. Mtoto aliyekua na picha ile atakuwa ama mhubiri wangu ama kijana wangu, inategemea nani alimfikia kwanza.

Vitabu vya wakubwa navyo vina desturi yao. Sura ya kwanza ni kishindo cha kumshika msomaji. Sura ya mwisho ni Mungu: mwandishi mmoja anamuaga kwaheri, mwingine anatangaza kwamba amepatikana kwenye hesabu. Wasomaji wengi ninaowajua husoma hizo mbili na kuruka katikati, na katikati ndiko kulikopikwa chakula. Huko ndiko unakutana na mwanga wa galaksi za mbali, yale makundi makubwa ya nyota, uliovutwa kuelekea wekundu kwa sababu njia uliyopita imerefuka. Unakutana na gesi ya heliamu, ambayo ni karibu robo ya uzito wa maada ya kawaida, kiasi ambacho nyota peke yake zisingeweza kukitengeneza. Unakutana na Penzias na Wilson, wanafalaki wa redio huko New Jersey, Marekani, mwaka 1964, wanaosumbuliwa na mvumo usioisha kwenye antena yao hadi wanasafisha kinyesi cha njiwa wakidhani ndicho chanzo. Mvumo ukabaki. Ulikuwa joto lililosalia la ulimwengu mchanga, mwanga ulioachiwa ulimwengu ukiwa na miaka kama 380,000, sasa umepoa hadi karibu nyuzi 270 chini ya sifuri. Unatoka kila upande wa mbingu, karibu sawasawa.

Hilo la kila upande likazie macho, kwa sababu ndilo linalotenganisha mlipuko na mtanuko. Bomu lina mahali. Kuna katikati lilipolipukia, kuna vipande vinavyokimbia kutoka hapo, na kuna nafasi tupu iliyokuwapo tangu mwanzo ya vipande kukimbilia. Polisi huja wakazungushia utepe. Ulimwengu hauna pa kuzungushia utepe. Kilichotanuka ni nafasi yenyewe, na galaksi zinaachana kwa sababu nafasi kati yao inaongezeka.

Kama ningepewa mamlaka ya kubatiza upya, ningeenda jikoni. Anayepika mahamri anajua neno kuumuka. Unakanda unga na hamira na iliki iliyotwangwa, unafunika, unasubiri. Unga unaumuka. Shika chembe moja ya iliki na uangalie nyingine: zote zinakukimbia, na iliyo mbali inakimbia kasi zaidi, kwa sababu kati yenu kuna unga mwingi zaidi unaoumuka. Hamia chembe nyingine yoyote, utaona vilevile. Hakuna chembe iliyo mama yao. Iliki yenyewe haivimbi, kama vile galaksi yetu haitanuki, wala mji huu, japo ukipita Thika Road jioni utadhani kila kitu kinazidi kuwa mbali. Mfano una kasoro, naijua: unga una ukingo na bakuli, ulimwengu hatuna sababu ya kuudhania hivyo. Lakini afadhali kasoro ya bakuli kuliko kasoro ya bomu. Hakuna aliyewahi kuuliza kama unga ukiumuka karakanani utaacha kiti.

Sina matumaini makubwa na ubatizo huo. Mwaka 1993 jarida moja la falaki la Marekani liliita mashindano ya kutafuta jina bora, Carl Sagan akiwa miongoni mwa waamuzi. Yalikuja mapendekezo zaidi ya 13,000 kutoka nchi 41. Waamuzi wakasoma, wakakuna vichwa, wakaamua hakuna lililoshinda lile la Hoyle. Jina likishaingia midomoni halitoki.

Kuna kosa la upande wa pili nisilotaka kulipita, kwa sababu linafanywa na watu ninaowapenda. Mwaka 1951 Papa Pius XII aliwahutubia wanasayansi wa chuo chake cha Vatican na kuonyesha kana kwamba sayansi ya siku zile inashuhudia ile "Na iwe nuru". Ungedhani Lemaître angefurahi. Hakufurahi hata kidogo. Alihofia imani kufungwa kamba kwenye nadharia ambayo kesho inaweza kurekebishwa, na nadharia kutiliwa shaka kwa sababu imevaa kanzu. Mwaka uliofuata Papa alipozungumza na wanafalaki waliokutana Roma, hoja ile hakuirudia. Baadaye, mwaka 1958, Lemaître aliliweka wazi: kwa maoni yake nadharia hii iko nje kabisa ya maswali ya dini, na asiyeamini ana uhuru wake wa kuikana nguvu yoyote iliyo juu ya maumbile. Padri anasema hivyo. Marafiki zangu Waislamu wanaonitumia aya ya 47 ya sura ya Adh-Dhariyat, ile inayotaja kujengwa kwa mbingu, kila darubini mpya inapotoa picha, na Wakristo wanaonitumia mstari wa kwanza wa Mwanzo, wangefaidika kukaa naye dakika tano. Aya haihitaji kuungwa mkono na darubini. Darubini nayo isilazimishwe kusema "amina".

Lemaître alikufa Juni 1966. Habari za ule mvumo zilimfikia akiwa mgonjwa, siku chache kabla.

Narudi Jeevanjee. Mhubiri alipomaliza na kukunja waya wake, nilimfuata. "Pasta, nimekusikia vizuri. Ila hiyo nadharia iliandikwa na mtumishi wa Mungu kama wewe."

"Mtumishi wa wapi?"

"Ubelgiji. Padri."

"Padri? Mkatoliki?"

"Mkatoliki."

Akacheka hadi akaweka kipaza sauti chini. "Ndugu yangu, basi tatizo umeshalitaja."

Nikacheka naye, kisha nikamwomba jambo dogo. Nadharia aendelee kuikataa akitaka, hiyo ni haki yake, lakini aikatae yenyewe, na bomu aliache, kwa sababu hakuna mwanasayansi aliyelileta. Akasema atalifikiria. Kijana alikuwa amekuja nyuma yangu na kitabu chake, kidole kikiwa ukurasani. Akaniuliza, sasa kama hakukuwa na nukta moja gizani, hicho kitu kilitokea wapi?

"Hapa," nikamwambia.

"Nairobi?"

"Hapa, na Ubelgiji, na kwenye nyota ya mwisho kwenye hicho kitabu. Kote kwa pamoja." Akaangalia nyasi, akaangalia kitabu, akarudi kuketi na kufungua katikati.